Treni ya Mjomba Alphée Haigeuki Darajani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi cha Port Laurier, Nova Scotia
Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2024, saa tatu na nusu asubuhi

Jina la shahidi: Obéline Pothier
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi na mkodishaji wa baiskeli
Makazi: Jengo la stesheni ya zamani, ghorofani, juu ya duka lake
Mwandishi wa maelezo: Konstebo Garth Nickerson

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu mwenyewe. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu leo asubuhi dukani kwa mkate nimesikia kwamba Nyumba ya Wazee ya Bellebaie imemshtaki Zélie Muise kwa kumtorosha mumewe, Alphée. Kumtorosha! Mke wa ndoa ya miaka hamsini na tatu anamtorosha vipi mume wake? Konstebo ameniomba nianze mwanzo, nieleze mambo kwa mpangilio, na nisimtukane mtu. Mawili ya kwanza nitayaweza.

Zélie si ndugu yangu wa damu. Namwita Shangazi kwa sababu kwetu sisi Waakadia, watu wa pwani hii wenye asili ya Kifaransa, kila mwanamke aliyekuzidi umri ni shangazi, mpaka akukosee. Ana miaka sabini na saba. Anaishi Anse-Benoni, kilomita kumi na nne kutoka hapa mjini, kwenye nyumba aliyozaliwa, ile ya mbao za kijivu iliyo kando kabisa ya Reli. Tunaiita Reli mpaka leo, ingawa vyuma viling'olewa zamani na mataruma yakaishia kwenye bustani za watu. Sasa ni njia ya changarawe laini ya baiskeli na waenda kwa miguu. Gari haipiti, pikipiki haipiti. Mlima hakuna, kwa sababu garimoshi halikuwa na ubavu wa kupanda mlima, na pale palipokuwa na kilima walikikata. Bahari unayo upande mmoja safari nzima. Mtu yeyote mwenye magoti mawili anaweza kuiendesha huku anapiga soga.

Shangazi Zélie hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Tangu Mjomba Alphée aanze kupotewa na kumbukumbu na kulazwa Bellebaie, amekuwa akija kumwona kwa baiskeli yake ya bluu kila siku ambayo theluji imemruhusu. Anaiegesha dukani kwangu, namtazamia upepo wa matairi, anakunywa chai, anavuka barabara kwenda kwa mumewe. Jioni anarudi. Nimemwona akipita kwenye ukungu, kengele tu ndiyo inayosikika. Siku nyingine Mjomba alimwita "nesi." Siku nyingine alimwambia, "Mama, hapa siyo pako, mke wangu anakuja sasa hivi." Siku hizo Shangazi alikunywa chai ya pili kabla ya kupanda baiskeli, na mimi nilijifanya natafuta spana.

Mwezi uliopita Bellebaie ilimwambia Shangazi kwamba wodi ya wagonjwa kama Mjomba inafungwa, na kwamba Jumatatu hii, tarehe 23, Mjomba Alphée atahamishiwa Maple Hollow. Huko ni bara, mwendo wa saa nne kwa gari, hata harufu ya chumvi haifiki. Reli haiendi huko. Maple Hollow wana vyumba vya wanandoa, na walimwambia mara mbili kwamba anaweza kwenda naye. Mara mbili alikataa. Aliniambia, "Nikiondoka Anse-Benoni, mwanangu, nani atakuwepo siku atakapoulizia nyumbani?" Nilimjibu kwamba haulizii. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

Alichotaka ni kimoja tu: kabla ya Jumatatu, Alphée aingie nyumbani kwake japo mara moja, akae kwenye kiti chake, ale rapure yake. Rapure ni chakula chetu cha viazi vya kukuna na kuku. Aliomba gari la Bellebaie limlete. Bi Darlene Hemeon, meneja, alisema safari za namna hiyo zinawavuruga wagonjwa. Labda kweli. Mimi sikusomea hayo.

Sasa jana. Mnamo tarehe 19 Septemba, siku ya Alhamisi, mnamo saa tatu na nusu asubuhi, Shangazi Zélie alifika dukani. Alhamisi ni siku ya guta. Guta hilo lina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na mbele kuna benchi la watu wawili lenye kifuniko cha jua. Parokia ililinunua kwa ajili ya wazee wa Bellebaie, na mimi ndiye ninayelitunza. Lina mota ndogo ya kusaidia miguu. Sharti la Bellebaie ni kwamba guta liende mpaka darajani na lirudi, basi: kilomita nne kwenda, nne kurudi, na mtu wa pili afuate kwa baiskeli. Mtu wa pili jana nilikuwa mimi.

Nikiulizwa kama nililijua sharti hilo, najibu: nililijua. Ningekuwa mjinga kusema sikulijua, na limebandikwa mlangoni kwangu.

Mjomba Alphée alitolewa saa nne kasorobo, amevaa koti lake la sufu na kofia. Nesi alimpa Shangazi kidonge cha mchana kwenye kikaratasi, kama kila Alhamisi, endapo tutachelewa. Tukamkalisha, tukamfunika blanketi miguuni. Shangazi akapanda nyuma, mimi nikashika baiskeli yangu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Maji yalikuwa yamejaa, mawaridi mwitu yamebaki matunda yake mekundu, na upepo ulikuwa wa kusukuma mgongoni. Nasema hivi kwa sababu Bi Hemeon ameandika kwenye malalamiko yake kwamba mgonjwa alitolewa "katika mazingira hatarishi." Hatari pekee tuliyokutana nayo ni bata.

Mjomba Alphée ndani ya Bellebaie anakaa ameinamisha kichwa. Kwenye Reli anainuka. Kila mtu anajua kwamba alikuwa kondakta wa njia hii zaidi ya miaka thelathini, mpaka treni ya mwisho. Tulipopita bango la kwanza alinyoosha mgongo, akaanza kutazama kushoto na kulia kama mwenye mali. Tukakutana na mtalii amesimama anakunywa maji, amevaa ile kaptura ya kubana. Mjomba akamnyooshea mkono. "Tiketi." Yule mtu, Mungu ambariki, akajipekua akatoa tiketi ya feri. Mjomba akaikagua pande zote mbili, akaitoboa kwa kucha ya kidole gumba, akamrudishia. Akamwambia, "Ukishuka, uvae suruali."

Shangazi Zélie alicheka mpaka guta likayumba. Mimi pia. Nataka hilo liandikwe, kwamba tulicheka.

Tulifika darajani saa nne na robo hivi. Shangazi alisimama katikati kama kawaida ili aone maji. Kisha akaanza kugeuza guta. Alhamisi nyingine zote Mjomba huwa amesinzia tunapogeuza. Jana alikuwa macho kabisa.

Akashika kingo za benchi kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana: "Unafanya nini? Treni haigeuki darajani!"

Shangazi akamwambia kwa upole, "Alphée, tunarudi. Chakula cha mchana."

"Treni haigeuki darajani, mama! Watu wanangoja Pré-Salé, wanangoja Anse-Benoni, wewe unanigeuzia treni? Nani amekuajiri?"

Tulijaribu tena. Akatupa blanketi, akaanza kushuka upande wa mto, mguu mmoja tayari uko nje. Ukingo wa daraja lile unaujua, afande, unamfikia mtu kiunoni tu. Nilimdaka koti. Machozi yalikuwa yanamtoka, si ya hasira, ya aibu, kama mtu anayelazimishwa kuvunja sheria ya kazi yake mbele za watu. Shangazi alinitazama. Sikusubiri aseme.

Mimi ndiye niliyesema, "Nenda mbele." Shangazi hakusema hivyo, nilisema mimi. Nilidhani tutakwenda kidogo atulie, halafu tugeuze mahali pengine. Gurudumu lilipoanza kwenda mbele, Mjomba akarudisha mguu ndani, akavuta pumzi, akajifuta uso kwa kofia. Akasema, "Tumechelewa dakika tatu." Basi.

Nikiulizwa kwa nini sikupiga simu, najibu: simu yangu ilikuwa dukani inachajiwa, na Shangazi hana simu ya mkononi.

Hatukujaribu tena kugeuza. Tusidanganyane, tungeweza kujaribu pale Pré-Salé, kuna uwanja mpana. Tulipokaribia, Mjomba akainua mkono na kuita kwa sauti, "Pré-Salé! Pré-Salé!" Mwanamke aliyekuwa anachuma bluberi za mwisho akasimama wima akatupungia. Mimi nilimtazama Shangazi Zélie. Alikuwa anakanyaga pedali huku amenyoosha shingo mbele, na uso wake ulikuwa umeanza kuota tumaini. Nilijua tunakwenda wapi. Ningekuwa na moyo gani wa kumwambia geuza?

Hapa lazima nieleze jambo, maana Konstebo ni kijana na anatoka upande wa Waingereza. Kwenye vituo vidogo kama Anse-Benoni, treni haikusimama ovyo. Abiria akitaka kupanda, alichomeka bendera ya kijani na nyeupe kwenye nguzo kando ya reli. Bendera ipo, treni inasimama. Bendera haipo, inapita, hata kama mama yako mzazi amesimama pale analia. Ndiyo sheria, na kondakta ndiye aliyeisimamia.

Sasa Zélie alipokuwa msichana wa miaka ishirini alikuwa akichomeka bendera na hana safari yoyote. Treni inasimama, dereva anatukana, abiria wanakunja nyuso, na kondakta Alphée anashuka na filimbi yake shingoni. "Unakwenda wapi leo, bibie?" Naye anajibu, "L'Étang tu." L'Étang ndicho kituo kinachofuata, kilomita tatu. Anapanda, anakaa karibu na mlango, anashuka L'Étang, anarudi nyumbani kwa miguu akifuata mataruma, viatu mkononi. Kesho yake tena. Kijiji kizima kilijua. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Yule msichana atamaliza soli kwa ajili ya mwanamume mwenye kofia." Walioana mwaka wa 1971, na baada ya hapo hakuhitaji tena bendera, kwa sababu mume alirudi nyumbani na treni ya jioni.

Tulifika Anse-Benoni mnamo saa tano na nusu. Nyumba ilikuwa imefunguliwa madirisha. Harufu ya rapure ilitufikia kabla ya nyumba yenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameiandaa tangu alfajiri na kuiacha kwenye jiko la kuni lenye moto mdogo. Nilimwambia, "Shangazi! Kumbe ulipanga!" Akanijibu, "Napika kila Alhamisi, mwanangu. Kila Alhamisi napika, halafu naila peke yangu mpaka Jumapili."

Kwa hiyo nikiulizwa kama alipanga, najibu: alitamani. Kutamani si kosa mahali popote ninapopajua.

Aliingiza guta uani, mpaka kwenye ngazi. Akashuka, akafungua mlango wa nyumba, akarudi akamnyooshea mkono. "Karibu nyumbani, Alphée."

Mjomba hakuutazama mlango. Hakuitazama nyumba. Alitazama ile nguzo kando ya Reli, ambayo bado imesimama, wazi, haina kitu.

"Hakuna bendera," akasema. "Kwa nini tumesimama?"

"Ni nyumbani, Alphée. Nyumba yetu."

"Hakuna bendera, hatusimami. Ondoa treni, mama."

Shangazi alimwonyesha kiti chake kupitia dirishani. Alimletea kijiko cha rapure mpaka mdomoni, akakila, akasema asante, akasema chakula kizuri sana, Mungu amjalie mwenye nyumba, na treni iondoke. Alimletea picha ya harusi. Akaitazama kwa adabu kama unavyotazama picha za mjukuu wa jirani. Kidonge chake cha mchana alimpa na maji, akakimeza, niliona kwa macho yangu, kwa hiyo hilo la "kukoseshwa dawa" lifutwe.

Kisha Shangazi Zélie akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, bakuli magotini. Sijawahi kumwona akilia miaka yote hiyo, mvua na ukungu na "wewe nesi." Jana alilia. Alisema, "Nimemleta mpaka mlangoni, Obéline, na ananipita. Ananipita kama kituo kisicho na mtu." Nilitaka kumshika na sikujua nimshike wapi. Kusema kweli na mimi nililia, na mimi siyo mtu wa kulia.

Mjomba alikuwa anapiga benchi kwa kiganja. "Tumechelewa. Tumechelewa."

Ndipo Shangazi akanyamaza ghafla. Akaweka bakuli chini. Akaingia ndani, nikasikia makabati yanafunguliwa na kufungwa kwa kishindo. Bendera ya zamani haikuwepo, panya walishaimaliza. Alitoka na mpini wa ufagio. Alikuwa ameufunga foronya nyeupe, na juu yake kitambaa chake cha kichwa cha kijani, kile cha kwendea kanisani. Hakuja kwetu. Alikatiza ua, akapanda kwenye Reli, akauchomeka ule mpini kwenye pete ya nguzo, akasimama pembeni yake, mikono mbele, visigino pamoja. Upepo ukakamata kitambaa.

Nikaelewa. Nikapanda guta, nikalitoa uani, nikalirudisha nyuma kwenye Reli kiasi cha nyumba tatu, nikaanza kuja taratibu kama treni inavyokuja.

Mjomba Alphée aliiona kabla yangu. Aliinua mkono wake wa kulia. "Bendera, Anse-Benoni," akasema. "Simamisha."

Nikafunga breki mbele ya Shangazi. Mjomba akavuta koti, akaweka kofia sawa, akashuka mwenyewe. Mwenyewe, afande, bila mtu kumshika, mtu ambaye Bellebaie wanamwinua wawili. Akasimama mbele yake. Akamtazama muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

Akasema, "Wewe tena!"

Shangazi akashika nguzo.

"Unakwenda wapi leo, bibie?"

"L'Étang tu," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akairudia. "L'Étang tu."

"Siku moja dereva atakuja kukupiga na koleo la makaa," akamwambia. "Huendi popote wewe. Unanisimamishia treni kwa uso wako tu." Halafu akatabasamu. Hakuwa na meno ya juu, nesi alisahau kumvalisha, lakini lilikuwa tabasamu la kijana mjanja, na lilikuwa la mwanamke huyu aliyesimama mbele yake, si la mwingine. Akampa mkono, akampandisha kwenye benchi, akaketi kando yake.

Hivyo basi Shangazi Zélie akawa mbele, na guta likahitaji mtu nyuma. Kuanzia Anse-Benoni mwendeshaji nilikuwa mimi. Baiskeli yangu niliiacha uani kwake, iko huko mpaka sasa. Mpini wa ufagio niliung'oa nikauweka nyuma ya benchi. Na simu ya nyumbani kwa Shangazi inafanya kazi. Ningeweza kuingia nikapiga Bellebaie. Sikupiga. Andika hivyo hivyo. Ikiwa kuna mtu alimtorosha Alphée Muise kutoka Anse-Benoni kwenda mbele, alitoroshwa na Obéline Pothier, na mkewe alikuwa abiria.

Kutoka pale mpaka L'Étang Reli inapita juu ya ufuko, maji karibu kabisa na changarawe, na mteremko ni kidogo mno kiasi kwamba unasahau kukanyaga. Nilisikia wanazungumza. Sikusikiliza yote, lakini sina pamba masikioni. Mjomba alimuuliza kama nyumbani kwao wana ng'ombe. Alimuuliza kama ana mchumba. Shangazi akasema, "Yupo mmoja, lakini hana muda, kazi yake ni ya kusafiri." Mjomba akasema, "Mwambie aache kazi." Shangazi akasema, "Hawezi. Anaipenda sana." Halafu nikaona Shangazi amemwekea kichwa begani, na yeye Mjomba amekaa wima, hasogei, kama mtu aliyetuliwa na ndege.

Nimeolewa, nimeachika, nimekaa peke yangu miaka mingi na nikajiambia sikosi kitu. Jana nilikuwa nyuma yao nikikanyaga pedali na nikajua ninachokikosa. Konstebo anasema hilo halihusiani na kesi. Basi alifute akitaka.

Tulipokaribia L'Étang, Mjomba akaita, "L'Étang! L'Étang!" Nikasimama. Akashuka tena, akamnyooshea mkono. "Kituo chako, bibie. Vua viatu, mataruma yana umande."

Shangazi Zélie aliutazama ule mkono. Nyuma yetu kilomita tatu ilikuwepo nyumba yake, madirisha wazi, jiko linawaka. Niliona anageuza kichwa kidogo, kidogo tu, upande wa Anse-Benoni. Kisha akageuka akamtazama yeye.

"Leo nimekata ya mpaka mwisho," akasema.

Mjomba akafikiri. "Mpaka mwisho ni mbali."

"Najua."

"Hakuna treni ya kurudi leo."

"Najua, Alphée."

Jina lake halikumshtua. Akapanda, akamfunika blanketi, akaniashiria kwa mkono. Tukaenda.

Tulifika Cap-Clou, mwisho wa Reli, saa saba kasoro hivi. Gari la polisi lilikuwa pale, na gari la Bellebaie, na Bi Hemeon amesimama na simu mkononi. Mjomba akatangaza, "Cap-Clou, mwisho wa safari, angalieni mizigo yenu," akashuka bila shida yoyote, akamshukuru Bi Hemeon kwa kuja kuwapokea abiria. Treni ilikuwa imefika, kazi imekwisha. Aliingia kwenye gari lao kama mwanakondoo. Kabla mlango haujafungwa, Shangazi Zélie alimwambia Bi Hemeon mbele yangu na mbele ya Konstebo: "Ile Maple Hollow. Nimekubali chumba cha wawili. Jumatatu naenda naye."

Bi Hemeon akajibu kwamba alishafungua malalamiko, na kwamba maadamu jambo liko polisi, Shangazi hawezi kupewa chumba wala kumkaribia mgonjwa. Konstebo, ulikuwepo, ulisikia. Ulichukua ule mpini na vitambaa vyake ukaviita vielelezo.

Ndiyo maana niko hapa leo. Nataka ijulikane kwamba darajani nilisema mimi nenda mbele, kwamba bila hivyo mtu angekuwa mtoni, kwamba kutoka Anse-Benoni nimeendesha mimi, na kwamba mgonjwa amekula, amekunywa dawa, na hajapata hata mkwaruzo. Kama ni lazima mtu afungiwe, funguo za duka hizi hapa. Lakini Jumatatu isifike Shangazi akiwa upande huu na mumewe upande ule. Mwanamke ameacha nyumba aliyozaliwa kwa hiari yake. Msimfanye aiache bure.

Na nina ombi moja, Konstebo aliandike. Vile vitambaa virudishwe kabla ya Jumatatu. Huko Maple Hollow watamfikisha mlangoni, watafungua gari, watamwambia karibu Alphée, na yeye atawauliza iko wapi bendera. Hatashuka. Mnaweza kuleta madaktari kumi, hatashuka. Lazima Zélie awe ametangulia, asimame pale mlangoni, na bendera iwe juu.

Nimesema yote ninayoyajua na hakuna aliyenilazimisha. Nimesomewa kwa lugha ninayoielewa, na nimemsahihisha Konstebo jina la Anse-Benoni mara mbili.

Sahihi ya shahidi: O. Pothier

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi Konstebo Garth Nickerson nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu leo, na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Sehemu aliyoruhusu nifute sijaifuta. Saa tano na dakika ishirini nimempigia simu meneja wa Nyumba ya Wazee ya Bellebaie na kumjulisha kwamba polisi hawaoni kosa la kufungulia shtaka, na jalada limefungwa. Vielelezo viwili, kitambaa cha kichwa cha kijani na foronya nyeupe, nimemkabidhi shahidi. Nilikusudia kuvifungua na kuvikunja kabla ya kumpa. Nimevirudisha vikiwa vimefungwa kwenye mpini wake, kama nilivyovikuta.

Sahihi: G. Nickerson, Konstebo